Wiki nyepesi: lini upunguze chuma, na upunguze kiasi gani

"Mangi, ukiacha chuma wiki nzima si utanywea?" Swali hili halikosi kwenye jimu za Majengo na Pasua kule Moshi, wala Sakina na Kijenge kwa watu wa Arusha. Jibu ni kwamba utanywea kwa macho, si kwa nguvu. Msuli uliozoea kazi hubeba akiba ya wanga pamoja na maji. Kazi ikipungua kwa siku tano sita, ule ujazo hushuka, fulana inalegea kidogo mkononi, na mtu anaanza kujitazama kiooni kwa wasiwasi. Akirudi kwenye tizi, ndani ya siku tatu nne amejaa tena. Nyama ya msuli haiyeyuki kwa wiki moja, na nguvu za mtu aliyefanya mazoezi miezi kadhaa hukaa karibu palepale kwa wiki mbili hadi tatu.

Kwa hiyo hofu ya kunyauka tuiweke pembeni. La kujiuliza ni hili: je, umechoka kiasi cha kustahili wiki nyepesi, au unatafuta ruhusa ya kutokwenda?

Uchovu unakojificha

Msuli una damu nyingi, ndiyo maana hupona upesi. Paja lililouma Jumatatu Alhamisi linafanya kazi. Kano, ile kamba inayoshika msuli kwenye mfupa, hupata damu kidogo na hubadilika kwa miezi, si kwa siku. Hapo ndipo wengi huumia. Kifua kinakubali kilo tano zaidi kila baada ya wiki mbili, lakini kano za bega na kiwiko bado ziko kwenye uzito wa miezi miwili iliyopita. Maumivu hujitokeza sehemu zilezile: mbele ya bega, upande wa ndani wa kiwiko, na chini ya pia ya goti.

Kuna pia uchovu wa mwili mzima, ambao haumi popote. Huu huifunika nguvu uliyokwisha kuijenga: nguvu ipo, ila haitoki. Ukipunguza kazi, uchovu hushuka haraka na nguvu hushuka polepole, na wiki nyepesi huishi kwenye tofauti hiyo. Ndiyo maana mtu aliyekwama kwenye kilo 80 za benchi (kusukuma chuma juu ukiwa umelala chali) kwa mwezi mzima hupumzika wiki, akarudi akazisukuma kama si zilezile, kisha akadhani ni dawa mpya aliyokunywa.

Nani asisumbuke nayo

Aliye kwenye miezi mitatu ya kwanza haihitaji. Uzito wake bado mdogo, na anachojenga zaidi ni mazoea. Ukimpa wiki ya mapumziko huenda usimwone tena. Anayekuja mara mbili kwa wiki na kuondoka kabla hajatoka jasho naye haihitaji.

Wala haihitaji yule ambaye maisha yamekwisha kumpumzisha. Hapa watu hujidanganya sana. Mwezi uliopita ulikosa siku nne kwa sababu ya msiba Rombo, halafu mafua yakakulaza siku tatu, kisha unahesabu "wiki nane mfululizo" na kudai pumziko. Hizo si wiki nane. Wiki uliyoikosa, hata kama hukuipanga, ndiyo ilikuwa wiki yako nyepesi. Anza kuhesabu upya kuanzia siku uliyorudi.

Anayeihitaji ni mwenye kufanya siku nne au zaidi kwa wiki bila kukosa, anayepeleka seti nyingi (mizunguko ya kunyanyua bila kupumzika) mpaka mkono unakataa, au aliyevuka miaka arobaini na kuendelea kubeba mizito. Muweke pia mwenye kazi nzito nje ya jimu: fundi ujenzi anayepandisha zege ghorofani, mbeba mizigo wa soko la Kilombero pale Arusha, mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Mwili hauna daftari mbili, moja ya jimu na nyingine ya kibarua.

Kwa makadirio, anayebeba mizito sana apunguze kila baada ya wiki 4 au 5. Mtu wa kawaida wa siku tatu nne, kila baada ya wiki 6 hadi 8. Lakini namba hizi ni za kuanzia tu. Daftari ndilo linaloamua.

Kusoma daftari

Kama huandiki seti, marudio (mara unazonyanyua ndani ya seti moja) na kilo, huwezi kujua umechoka au umenuna tu. Daftari la kawaida la shule linatosha. Ishara ya kwanza na ya kuaminika ni marudio kushuka kwa uzito uleule siku mbili mfululizo za zoezi lilelile. Mfano: benchi kilo 70, wiki iliyopita marudio 8, leo 7, siku inayofuata 5. Siku moja mbaya haina maana. Labda ulipata saa nne tu za usingizi au ulikuja na njaa. Mbili mfululizo, sikiliza.

Ya pili ni mapigo ya moyo asubuhi. Kabla hujashuka kitandani weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu kwa dakika nzima. Fanya hivyo siku kumi ukiwa mzima ili ujue kiwango chako. Yakipanda kwa mapigo 7 hadi 10 juu ya kawaida na kubaki huko siku tatu nne, mwili una kitu unachopambana nacho.

Ya tatu ni uzito wa kupasha mwili moto kuonekana mzito. Seti ya kwanza ya chuma kitupu ikikufanya ukunje uso, usiongeze pleti kwa hasira.

Tahadhari ambayo vitabu vya wenzetu wa nchi za baridi havina: mapigo kupanda, viungo kuuma, hamu ya kula kupotea na uchovu usioelezeka ni dalili za malaria kabla hazijawa dalili za mazoezi. Kama unakaa ukanda wa chini kama Mabogini, au umerudi safari ya Tanga au Dar, pima kwanza. Wiki nyepesi haitibu malaria, na kunyanyua chuma ukiwa na homa ni ujinga.

Namna ya kuipunguza

Kuna njia tatu, na hazilingani kwa ubora.

Njia tunayoipendekeza kwa watu wengi: nusu ya seti, uzito karibu uleule. Punguza seti kwa nusu, shusha kilo kwa asilimia 10 hivi, na kila seti isimamishe ukiwa bado unaweza marudio 3 au 4. Siku za kuja jimu zibaki zilezile, au uondoe moja. Mtu mwenye ratiba hii:

Skwati (kuchuchumaa na chuma mgongoni) kilo 100, seti 4 za marudio 5
Benchi kilo 70, seti 4 za marudio 8
Dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni) kilo 120, seti 3 za marudio 5
Kuvuta chuma ukiwa umeinama, kilo 60, seti 4 za marudio 10
Kujivuta kwenye bomba, seti 4 za marudio 8

kwenye wiki nyepesi atafanya hivi:

Skwati kilo 90, seti 2 za marudio 4
Benchi kilo 62.5, seti 2 za marudio 6
Dedilifti kilo 105, seti 2 za marudio 3
Kuvuta ukiwa umeinama kilo 52.5, seti 2 za marudio 8
Kujivuta, seti 2 za marudio 5

Seti 19 zimekuwa 10. Kipindi kilichokuwa kikichukua saa moja na robo kinaisha kwa nusu saa na ushee. Utaondoka ukijisikia hujafanya kitu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sababu ya kutoshusha kilo sana ni kwamba skwati na dedilifti ni ufundi pia. Mwili ukikaa wiki nzima bila kuonja uzito wa kueleweka, siku ya kurudi chuma kinayumba mgongoni ingawa nguvu ipo. Vizoezi vidogo vya mwishoni, baisepsi na trisepsi na vya kupinda kiwiko kwa kebo, viache kabisa wiki hiyo. Kiwiko kitakushukuru.

Njia ya pili ni ya mwenye kiungo kinachouma. Hapa uzito ndio unaoshuka: asilimia 50 hadi 60 ya kawaida, seti 2 au 3, na kila rudio lishushwe taratibu kwa kuhesabu moja mpaka tatu. Pima maumivu kwa kipimo cha sifuri hadi kumi. Yakibaki 3 au chini wakati wa zoezi, na kesho yake asubuhi yasiwe yameongezeka, endelea. Yakivuka hapo, badilisha zoezi. Goti linalouma chini ya pia hupata nafuu kwa kukaa kwenye ukuta kama uko kwenye kiti kisichoonekana, sekunde 30 hadi 45, mara 4, ukipumzika dakika mbili katikati. Kulala tu siku saba hutuliza kano ya goti, lakini hakuiongezei uvumilivu. Siku ya kwanza ya skwati maumivu yako palepale yakikusubiri.

Njia ya tatu ni kuacha chuma kabisa. Ina gharama ndogo. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wiki 9 kwa watu 39 waliozoea chuma: kundi moja lilipumzika kabisa wiki moja katikati, jingine liliendelea. Ukubwa wa misuli uliongezeka sawa kwa makundi yote, ila nguvu za miguu ziliongezeka zaidi kwa walioendelea. Ndiyo maana tunaweka nusu mbele ya sifuri. Lakini kama umetoka mashindanoni, umeugua, au ukifika mlango wa jimu moyo unakataa, acha wiki nzima bila kujuta. Huko Finland walijaribu hata kuwasimamisha watu wiki 10 katikati ya mazoezi ya wiki 20, na mwishoni walikuwa wamewafikia wenzao ambao hawakusimama.

Ukiwa na vyuma vya zege

Jimu nyingi za uani hazina pleti za kilo 1.25, zina makopo ya rangi yaliyojazwa zege kwenye bomba. Kushusha asilimia 10 hapo ni ndoto, kwa hiyo acha uzito kama ulivyo na upunguze seti na marudio: kama ni seti 4 za 10, fanya 2 za 5 au 6.

Ila ujue unabeba nini. Kopo la lita 4 likijaa zege ya kawaida ni karibu kilo 9 na nusu. Ndoo ya lita 20 hukaribia 48. Zege ikichanganywa na kokoto nyepesi za volkeno, ambazo Arusha hazikosekani, kilo hupungua sana, na ndiyo sababu "arobaini" ya jimu moja si arobaini ya jimu nyingine. Pima upande mmoja mmoja. Mzani wa mashine ya kusaga unafaa, au simama kwenye mzani wa bafuni ukiwa umelibeba, kisha bila kulibeba, utoe. Tofauti ya kilo mbili kati ya kushoto na kulia haionekani kwa macho, lakini bega moja litakuwa linalipa kila siku.

Kuiweka kwenye kalenda ya huku

Wiki nyepesi inayopangwa bila kutazama maisha haifuatwi. Afadhali uiweke pale ambapo maisha yatakupunguza hata usipotaka.

Desemba haina mjadala. Kuanzia tarehe 23 nusu ya jimu za Moshi na Arusha hubaki na mlinzi. Watu wamepanda Kibosho, Machame, Marangu na Rombo. Badala ya kubeba dambeli kwenye buti la gari na kuzirudisha bila kuguswa, panga wiki sita au saba nzito ziishie pale. Kula nyama, kunywa kisusio, tembea migombani, na uanze upya Januari. Mbege nayo ni pombe ingawa inajaza tumbo kama uji. Ikikata usingizi, mapumziko umeyapoteza.

Anayekimbia mbio za Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, amalize skwati nzito siku 7 hadi 10 kabla. Wiki ya mbio miguu ipewe seti 2 nyepesi mwanzoni mwa wiki, basi; mikono na kifua vinaweza kuendelea. Baada ya kilomita 42 usiguse skwati nzito kwa siku kumi. Baada ya 21, siku tano hivi zinatosha.

Ramadhani ni mwezi, si wiki, na haifai kuifanya mwezi mzima wa wiki nyepesi. Weka wiki ya kwanza iwe nyepesi wakati mwili unazoea ratiba ya kula na kulala, kisha fanya theluthi mbili ya seti zako, saa moja au mbili baada ya futari ili uwe umekunywa maji.

Mpagazi na kiongozi wa mlima kalenda yao imegeuka, na ratiba za kwenye simu hazijui hilo. Masika, Machi hadi Mei, safari zinapokuwa chache, ndiyo miezi yao ya kujenga nguvu kwa kweli. Kuanzia Juni hadi Oktoba, mlima ndio mazoezi. Mzigo wa kilo 20, ukiongeza vitu vyako mwenyewe, siku sita au saba kwa njia ya Machame, halafu kushuka kutoka kambi ya Barafu hadi geti la Mweka, karibu mita 3,000 za mteremko. Kushuka ndiko kunakochana msuli wa mbele wa paja, kwa sababu unafanya kazi huku unarefuka. Maumivu huzidi kabisa siku ya pili au ya tatu baada ya kurudi nyumbani. Wiki unayoshuka, basi, ni nyepesi kwa miguu: siku mbili za kwanza kutembea tu, kisha seti 2 kwa asilimia 60. Kati ya safari na safari, siku moja ya chuma kwa wiki, seti 2 au 3 za uzito wa kweli kwa kila zoezi kubwa, inatosha kuishika nguvu mpaka msimu uishe. Anayetaka kupanda kilo za dedilifti mwezi Agosti huku akipiga safari tatu anajitafutia mgongo mbovu.

Chakula kisipungue

Watu hupunguza sahani kwa kuwa "sifanyi kitu wiki hii". Kano na misuli zinajengwa wiki hiyohiyo. Protini ibaki karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 70 ni gramu 112. Mayai matatu yanakupa 18, nusu lita ya maziwa 16, kikombe na nusu cha maharage yaliyoiva kama 22, nyama iliyopikwa gramu 150 karibu 39. Zilizobaki hutoka kwenye ugali, wali, mkate na dagaa wa pembeni. Mtori mzito wenye nyama ni chakula kizuri cha wiki hii, mradi nyama iwemo kweli na si harufu yake. Kinachoweza kupungua kidogo ni wanga, na hapo pia usikate. Usingizi uwe wa muda wa saa saba hadi tisa.

Inavyoharibika

Kosa kubwa hutokea Alhamisi. Siku tatu nyepesi zimepita, mwili umechangamka, chuma kinaonekana cha mtoto, na mwenzako anakwambia jaribu mia na ishirini. Ule wepesi ndio uliokuwa unautafuta, na ni wa kuutumia wiki ijayo. Ukiumaliza Alhamisi umerudi ulikotoka.

La pili ni kujaza nafasi. Bonanza la mpira Jumamosi, kupanda hadi maporomoko ya Materuni Jumapili, pushapu mia kila asubuhi "ili nisilale." Kutembea nusu saa ni sawa, baiskeli ya polepole ni sawa. Zoezi jipya si sawa. Mwili usiolizoea utauma siku tatu hata kama lilikuwa jepesi.

La tatu ni kuipenda mno. Anayepunguza kila wiki ya tatu hajachoka, amezoea.

Siku ya kurudi

Rudisha seti zote, lakini anza na asilimia 95 ya uzito wa wiki yako nzito ya mwisho. Kwa yule wa skwati kilo 100, Jumatatu ni kilo 95, seti 4 za 5. Zikitoka safi, kipindi kinachofuata cha skwati arudi 100, na wiki inayofuata 102.5. Aliyeacha chuma kabisa aanze na theluthi mbili ya seti siku mbili za kwanza, maana kinga ya msuli dhidi ya maumivu imepungua na akijitia ubabe atashindwa kushuka ngazi.

Marudio yakiendelea kushuka hata baada ya wiki nyepesi iliyofanywa vizuri, tatizo si pumziko. Angalia saa za kulala na sahani kwanza. Kama hivyo viko sawa, ratiba yenyewe ni nzito kuliko mwili wako: ondoa seti moja kati ya kila tano, moja kwa moja, uone wiki nne. Na uchovu ukiendelea zaidi ya wiki mbili, nenda zahanati upime wingi wa damu pamoja na malaria. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali, usisubiri wiki yoyote. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu msuli uliovunjika unaziba figo.